PostgreSQL: kutoa ruhusa kwa majedwali ambayo bado hayajaundwa

Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, umempa mtumiaji ruhusa ya kusoma majedwali yote. Linaongezwa jedwali jipya, naye anakutana na "permission denied for table". Hakuna kilichoharibika: GRANT (amri ya kutoa ruhusa) ya majedwali yote hugusa yaliyopo wakati huo tu.

Hapa tuna watumiaji wawili: mjenzi, anayeunda majedwali, na msomaji, wa ripoti. Skima, yaani kundi la majedwali ndani ya hifadhidata, inaitwa mauzo. Fungua psql (programu ya kuandikia amri za Postgres) kama mtumiaji mkuu, kwenye hifadhidata yenyewe, kwa sababu mpangilio huu hauvuki kwenda hifadhidata nyingine.

Anza na skima, kisha majedwali yaliyopo:

GRANT USAGE ON SCHEMA mauzo TO msomaji;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA mauzo TO msomaji;

Sasa yajayo:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mjenzi IN SCHEMA mauzo GRANT SELECT ON TABLES TO msomaji;

Tazama vizuri FOR ROLE. Anayetajwa pale ni muundaji wa jedwali, si mpewa ruhusa. Ukiiacha, Postgres humchukua mtumiaji uliyeingia naye, yaani mtumiaji mkuu (kwa kawaida huitwa postgres), na majedwali ya mjenzi yatabaki yamefungwa. Wala hutaona ujumbe wa kosa. Ndiyo maana watu hupoteza saa nzima hapa. Uanachama nao hausaidii: mwanachama wa mjenzi akiunda jedwali kwa jina lake mwenyewe, ruhusa haiji. Aandike kwanza SET ROLE mjenzi.

Tujaribu:

SET ROLE mjenzi;
CREATE TABLE mauzo.jaribio (id int);
RESET ROLE;
\dp mauzo.jaribio

Amri ya \dp huonyesha ruhusa za jedwali. Tafuta msomaji=r/mjenzi, yaani msomaji anaruhusiwa kusoma, kwa ruhusa ya mjenzi. Isipokuwepo, andika \ddp uone mpangilio umewekwa kwa jina la nani.

Funksheni zina tabia yao: kila mtu huruhusiwa kuziendesha tangu zinapoundwa. Kuziba hilo, usiweke IN SCHEMA, maana amri ya skima huongeza tu juu ya ruhusa za jumla, haiziondoi:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mjenzi REVOKE EXECUTE ON FUNCTIONS FROM PUBLIC;

Siku ya kumfuta msomaji, DROP ROLE itakataa kwa sababu ya ruhusa hizi. Tanguliza DROP OWNED BY msomaji katika kila hifadhidata aliyopewa ruhusa, lakini hakikisha kwanza hamiliki jedwali lolote, kwa kuwa amri hiyo hufuta na mali yake.