Hoki ya matairi haitaki barafu, vijana wa Forodhani nisikilizeni

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko Dar, Mombasa na Muskati mnaonifuatilia, nashkuru sana. Najua mmeniuliza habari za viza na za baridi, hizo zitakuja siku nyengine, leo nnataka tuzungumze mchezo. Hili jengo mnaloliona nyuma yangu linaitwa Hakametsä, liko hapa hapa Tampere ninapokaa, limefunguliwa 1965 na ndo ukumbi wa kwanza wa barafu wa ndani katika nchi yote hii ya Finland. Hoki ya barafu kwa watu wa hapa ni kama Simba na Yanga kwetu, mtoto hajaanza skuli ashavalishwa viatu vya chuma. Lakini mie sikuja kukuonesheni barafu.

Mwaka 2015 mwezi wa Julai humu ndani yalichezwa mashindano ya dunia ya hoki ya wanaume na barafu hamna, hata kipande. Ilikuwa Ramadhani, na waliowahi kufunga huku wanajua nnachosema, jua la Julai Tampere linazama baada ya saa tano za usiku, unafuturu, ukipepesa macho alfajiri hiyo imeingia. Mfini mmoja nliekuwa nafanya nae kazi ya usafi akanionea huruma, akanambia twende ukumbini kuna ubaridi, saa zitakwenda bila ya wewe kujua. Nkaenda. Nkaingia na koti langu nikijua nakwenda kuona barafu, nkakuta sakafu ya plastiki, vigae vidogo vidogo vimeshikana kimoja kwa kimoja mpaka vimejaa uwanja mzima, na wachezaji miguuni wana viatu vya matairi manne yaliyopangwa mstari mmoja. Vile vile wanavyovaa watoto wetu! Na sauti yake, jamani, vile viatu vya chuma kwenye barafu vinakwaruza, lakini haya matairi yakienda mengi pamoja yanavuma kama mvua unapoisikia inakuja kwenye mabati ya nyumba za mbele kabla haijafika kwako.

Sasa mchezo wenyewe. Kila timu inaweka watu wanne na golikipa, sio watano na golikipa kama kwenye barafu, na huyo mmoja aliepungua anabadilisha kila kitu maana uwanja unakuwa mpana, hakuna pa kujificha, mwenye pumzi anaonekana na asiekuwa nayo anaonekana. Walicheza robo nne za dakika 12. Wanachopiga si mpira, ni paki, kidude cha duara bapa kama kifuniko cha kopo la dawa ya viatu ila kinene zaidi, cha plastiki, chepesi kuliko ile ya raba ya kwenye barafu. Na hapa akina mama nisikilizeni vizuri, zile video mnazoziona kwenye simu mtu anabamizwa ukutani mpaka kofia inaruka, hiyo ni ya barafu. Kwenye ya matairi kumpiga mtu kikumbo makusudi ni kosa, unatolewa unakaa pembeni na wenzako wanabaki watatu. Kwa hiyo inabidi ucheze kwa akili na kwa miguu, na mie ndo maana naipenda hii zaidi kuliko ile kubwa, nalisema hili nikiwa Finland na nipo tayari kubishana na yeyote.

Kuna kitu kimoja niliona siku ile sijakisahau mpaka leo. Kwenye barafu mtu akitaka kusimama anageuza mguu ubavu, barafu inaruka, kasimama. Matairi hayakubali hivo kirahisi, yanakamata sakafu. Basi kijana mmoja wa Finland akaja mbio upande tuliokaa sisi, mabeki wawili mbele yake, nkasema huyu anaingia ukutani, kumbe akalala ubavu, goti linakaribia kugusa sakafu, akazunguka nusu duara, gongo halijaachia paki, akatokea upande wa pili mabeki bado wanatazama walikotoka. Nkasimama na kiu yangu na saumu yangu nkasema wallahi huyu nishamuona Forodhani.

Kweli nishamuona. Nyote mmeshamuona. Inapokaribia magharibi wale wauzaji wanawasha makaa, meza zimejaa urojo na mishkaki na pweza, watalii wamesimama na simu zao, paka chini, na hawa watoto wanapita katikati ya hayo yote kwa viatu vya matairi, hawamgusi mtu. Nshamuona mmoja ana glasi ya maji ya miwa mkononi kapiga ile nusu duara na glasi haikumwagika. Siku ile ukumbini fainali sikuiona, nilikuwa zamu, lakini hiyo nusu duara nlikwenda nayo nyumbani na ndo iliyonifanya nianze kusoma habari za huu mchezo miaka yote hii.

Na nilichokisoma ndo hichi nnachotaka mkisikie. Hivi viatu vimekuja kwa sababu ya kukosa barafu. Kule Minnesota, Marekani, kina Olson, ndugu wawili wacheza hoki, Scott na Brennan, mwishoni mwa miaka ya 70 walipata kiatu cha zamani cha matairi ya mstari mmoja, wakakitengeneza vizuri ili wapate kufanya mazoezi ya hoki wakati wa joto barafu inapoyayuka, na hapo ndo ilipotoka Rollerblade, kampuni iliyovipa jina viatu hivi. Na mashindano ya kwanza ya dunia ya shirikisho la hoki ya barafu kwa viatu hivi yalichezwa huko huko Minnesota, Minneapolis na St. Paul, mwaka 1996, Marekani wakachukua dhahabu nyumbani kwao. Basi fikirini. Wao wanakosa barafu miezi michache wakatafuta njia, sisi tunaikosa miezi 12, nani anauhitaji zaidi huu mchezo?

Shirikisho hilo la barafu liliyaandaa mpaka 2017, ya mwisho yakawa Bratislava, halafu wakauacha mchezo. Haukufa. Kuna shirikisho jengine la michezo ya matairi linaitwa World Skate, makao yake Lausanne, Uswisi, nalo lina mashindano yake ya dunia, na wana michezo yao mikubwa inayokusanya kila kitu cha matairi, imefanyika Nanjing 2017, Barcelona 2019, Argentina 2022, Italia 2024. Na humo wamo Waafrika. Namibia wanacheza hii hoki tunayoizungumza, kitovu chao ni Swakopmund, mji uko pwani, bahari upande huu, jangwa upande huu, wana ukumbi wao na timu zao zinakwenda mashindano ya dunia. Watu wa pwani, hawana theluji, mchanga mtupu. Nchi nzima watu kama milioni 3, na sisi Wazanzibari sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773, hatupishani kiasi hicho.

Msichanganye na ile hoki nyengine ya matairi mawili mbele mawili nyuma, ile wanapiga mpira, ni mchezo mwengine, Wareno na Wahispania wanaupenda sana. Ila hata huo nitautaja kwa sababu ya jirani zetu. Msumbiji mwaka 2011 walikuwa wa nne duniani. Wa nne! Msumbiji hawa wa kuvuka Ruvuma tu. Na Angola 2013 wakaandaa mashindano ya dunia kwao. Na Kenya wenzetu wana Ice Lions, timu yao ya hoki ya barafu, walianzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari Nairobi, 2018 wakapelekwa Kanada wakacheza na Sidney Crosby, nyota mkubwa wa hoki wa huko, na 2024 Kenya ikaingizwa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Kwa hiyo mtu asinambie huu mchezo wa wazungu. Na sisi magongo si mageni, wazee wanakumbuka hoki ikichezwa Mnazi Mmoja, na Tanzania ilipeleka timu ya mpira wa magongo Olimpiki ya Moscow 1980.

Najua kuna watakaoanza, oh tutacheza kwa bendera ipi, mnakumbuka CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilivyotupatia Zanzibar uanachama Machi 2017 na Julai mwaka ule ule ikautoa, najua, na mie iliniuma kama ilivyokuumeni. Lakini hilo ni la mwisho ndugu zangu, kwanza mtoto apate pa kuchezea.

Na hapa niseme la kwangu. Mtoto wa dada yangu, yuko Kikwajuni, viatu vyake vya matairi nimemtumia mie. Nilivinunua mtumba hapa Tampere, vizuri kabisa, nkaviweka kwenye mzigo, nkafurahi, mjomba nimefanya la maana. Sikutia kinga ya mkono, sikutia kofia ngumu. Wakawa wanakwenda kuchezea kwenye ukumbi mmoja, sitautaja, una sakafu nzuri ya terazo na mchana huwa mtupu, mlinzi akawafukuza, wakarudi, akawafukuza tena na viatu vya watoto wawili akavichukua, havijarudi mpaka leo. Basi wakahamia barabarani. Mwaka juzi kajishika nyuma ya daladala njia ya uwanja wa ndege, daladala ikafunga breki, kaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Dada alinipigia analia, akanambia, we ndo uliempelekea. Nilikaa kwenye basi nkapita kituo changu sijui hata nimefika wapi.

Nimelifikiria sana lile neno lake. Dada ana haki. Nilituma viatu, sikutuma mchezo. Viatu peke yake vinampeleka mtoto barabarani, lakini ukimpa viatu na kofia na kinga na gongo na wenzake wanane na saa moja ya sakafu kila Jumamosi, huyo haendi kushika daladala, hana wakati huo. Nnawaomba wenye kumbi, kwa heshima kabisa, saa moja tu, matairi laini ya ndani hayachani sakafu wala hayaachi michirizi mkichagua yale meupe, na mtu mzima mmoja asimame mlangoni.

Na sisi tulioko nje tunaojaza makontena, televisheni zipo Darajani, tutieni na hivi. Ila mjue mnachotuma. Tairi zina namba ya ugumu, zile za 74A mpaka 76A ni laini, za ndani, ukimpa mtoto akachezee lami zinalika kama kifutio. Za nje tafuteni za 80A na kuendelea. Nyinyi mlioko huko tatizo lenu kubwa ni beringi, ile hewa ya bahari ya Forodhani inazila kutu, tairi inaanza kulia, mtoto anasema kiatu kimekufa anakitupa. Hakijafa! Beringi za hivi viatu ni 608, tundu la ndani milimita 8, nje milimita 22, kila tairi lina beringi mbili, kiatu kimoja 8, jozi 16. Ni saizi inayotumika kwenye mashine nyingi, nendeni kwenye maduka ya spea mkaulize kwa namba hiyo hiyo. Na mkirudi nyumbani zifuteni kwa kitambaa kikavu, tieni tone la mafuta ya cherahani, msizioshe kwa maji.

Gongo nalo lisikutieni unyonge. Juzi mtoto wa dada kanitumia video, mkono ushapona alhamdulillahi, yuko uani, kachonga upongoo wa mnazi, lile shina lake pana lina mpindo wake wa Mungu, kafunga utambaa chini, anapiga kifuniko cha kopo ukutani kinarudi anakidaka kwa gongo, kinarudi anakidaka. Hana viatu miguuni, dada kavificha. Nimeiangalia ile video mara nyingi sana. Mikono ya yule mtoto ni laini, kile kifuniko hakimrukii, kinakuja kinatulia pale pale.

Basi huu hapa mzigo, nikukaribisheni karibu muuone, magongo 9 ya mitumba, ya mbao na ya kaboni, paki 6, beringi boksi zima, helmeti 8 zenye nyavu za uso, glovu. Unaondoka wiki ijayo inshallah. Aliekuwa na ukumbi au anaemjua mwenye ukumbi aniandikie hapo chini, na kama kuna kocha wa mpira wa magongo anaetaka kujaribu, mie nitamtafsiria sheria zote kwa Kiswahili, nishaanza kuziandika.

Na dada yangu, ukiiona hii, kinga za mkono nimezitia juu kabisa, kabla ya kitu chochote, mfuko wa buluu. Mvalishe wewe mwenyewe, ukaze ule mkanda wa kifundoni, halafu ndo umtolee viatu ulikovificha.