Haraka Dakika Tatu, Taratibu Dakika Tatu

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Leo naomba tuusahau mzani kidogo. Mtu mnene anajitahidi, anatembea mwezi mzima, siku ya kupima anakuta kilo zilezile. Anavunjika moyo, anaacha. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi mwili wake ulikuwa umeshaanza kubadilika pale ambapo mzani hauoni.

Mwaka 2008 watafiti wa Trondheim, Norwei, waliwachukua watu wazima wanene wakawafanyisha mazoezi wiki 12, mara tatu kwa wiki. Kundi moja lilikwenda mwendo wa wastani bila kubadilisha. Jingine lilikwenda kwa vipindi: dakika 4 za nguvu, 3 za taratibu, kisha tena, hadi vipindi vinne. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ambao sisi tunauita pumzi, ulipanda asilimia 33 kwa watu wa vipindi na 16 kwa wenzao. Uzito ulipungua kidogo tu kwa wote. Kwa hiyo ukipanda ngazi bila kusimama katikati, hayo ni mafanikio, hata mzani ukinyamaza.

Na mafuta ya tumboni? Hapa napenda utafiti wa Copenhagen wa mwaka 2013, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Makundi mawili yalitembea saa nzima, siku tano kwa wiki, miezi minne, na nguvu iliyotumika ilifanywa iwe sawa kwa yote mawili. Tofauti ilikuwa mwendo tu. Waliopokezana dakika 3 za haraka na 3 za taratibu, mtindo uliotoka Matsumoto, Japani, walipungua uzito na mafuta yanayozunguka matumbo. Waliotembea mwendo mmoja hawakupungua. Ni kutembea tu, mama zangu, hakuna aliyekimbia wala kuruka!

Namna ya kuanza: tembea kawaida dakika kama kumi mwili upate joto. Kisha ongeza kasi mpaka uweze kujibu maneno mawili matatu tu. Ukiweza kusimulia harusi ya jana, bado uko taratibu. Wiki ya kwanza hata dakika moja ya haraka inatosha. Magoti yakiuma, baiskeli ya mazoezi au kutembea ndani ya maji hufanya kazi ileile. Kiuno kipimeni kila mwezi kwa futi ya fundi cherehani.

Wenye presha, ugonjwa wa moyo au maumivu ya kifua, muoneni daktari kwanza. Wanaomeza atenololi, dawa ya presha, wasitegemee kuhesabu mapigo, kwani dawa hiyo huyapunguza, wafuate pumzi. Na mnaochoma insulini, pimeni sukari kabla ya kutoka, na mfukoni muwe na glukosi. Sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baada ya kurudi nyumbani.