Nikeli, Panya na Uthibitishaji wa Mbinu Zisizotumia Wanyama

Ndugu watafiti, nanyi mnaotoka katika mamlaka za udhibiti, jambo hili nimekwisha kulisema katika mikutano mingi na nitaendelea kulisema. Mbinu mpya ya kupima usalama wa kemikali bila kutumia wanyama haiwezi kuthibitishwa na aliyeibuni peke yake. Ndiyo maana sampuli hutumwa kwa namba za siri kwenye maabara kadhaa, kila moja ikipima bila kujua inapima nini. Utaratibu huo mnaujua. Swali langu ni hili: majibu yanayopatikana tunayalinganisha na nini?

Kwa miaka mingi tumeyalinganisha na panya. Chukueni mzio wa ngozi. Kipimo cha tezi za limfu za panya, ambacho OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ilikipitisha mwaka 2002, kilikuwa hatua njema, kwa kuwa kiliwapunguzia mateso simbilisi waliotumika kabla yake. Lakini kloridi ya nikeli ilipopimwa kwa panya hao, jibu lilikuwa kwamba haileti mzio, ilhali nikeli ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa mguso duniani, na madaktari wa ngozi huwaona kila mara wagonjwa waliovimba masikio kwa sababu ya hereni. Mwaka 2010 watafiti nchini Ujerumani walieleza kiini chake: nikeli hujishikiza kwenye kipokezi kiitwacho TLR4, protini inayoiamsha kinga ya mwili, katika seli za binadamu, mahali penye histidini (vijenzi vya protini) ambazo kipokezi cha panya hakina. Basi mbinu ya seli za binadamu ikisema kwamba nikeli huleta mzio, huku mizani yetu ikiwa panya, mbinu iliyosema kweli ndiyo itakayoandikiwa kosa! Kinyume chake kipo pia: sodiamu lauri salfeti ya kwenye sabuni, ambayo huwasha ngozi tu, kwa panya ilionekana kuwa yenye mzio.

Mtaniambia kwamba seli zilizo katika kisahani cha maabara hazina ini, kiungo ambacho mwilini huzibadilisha kemikali. Ni kweli, na hakuna anayedai kwamba kipimo kimoja kinatosha. Mwongozo namba 497 wa OECD, wa mwaka 2021, unaruhusu kuunganisha vipimo vitatu: cha kwanza huangalia kama kemikali inaungana na protini, cha pili kama seli za ngozi zinaitikia, cha tatu kama seli za kinga zinaamshwa; viwili vikikubaliana, uamuzi umepatikana. Mbinu hizo zilipolinganishwa na taarifa za binadamu, hazikuwa nyuma ya panya. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa pamoja wakayakagua upya matokeo ya zamani ya vipimo vya ngozi vya binadamu, kemikali moja baada ya nyingine.

Kazi hiyo haijaisha. Hospitali za pwani yetu zinazowatibu wanawake waliochubuka mikono kwa piko lenye parafenilenidiamini, kemikali ya kutia rangi nyeusi, zina taarifa za thamani, iwapo zitaandikwa vizuri na majina ya wagonjwa kufichwa. Kuhusu gharama na mafunzo ya mafundi wa maabara, muda hauniruhusu. Lakini kampuni zenye matokeo ya miaka mingi yaliyofungiwa makabatini naziomba ziyatoe, yakiwemo yale ambayo mbinu mpya zilishindwa, kwa maana hayo ndiyo yanayotuonyesha mipaka yake.