Barua za Marehemu Zichapwe Zote

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie maandishi aliyoyaacha Rabi Yehiel Yaakov Weinberg, mwanazuoni wa sheria za Kiyahudi. Naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka, maana wanajua nitaishia kwenye barua. Wako wanaosema barua zake za faragha hazikupaswa kuchapwa; mimi nasema zichapwe zote. Basi nianze na barua, tusipotezeane muda.

Maisha yake mmeyasoma kwenye karatasi mliyopewa mlangoni: kuzaliwa 1884, vyuo vya Talmud (kitabu kikuu cha sheria za Kiyahudi) vya Mir na Slabodka, urabi wa mji mdogo wa Pilwishki huko Lithuania, kisha Ujerumani, Chuo Kikuu cha Giessen, na uongozi wa Seminari ya Hildesheimer mjini Berlin hadi Wanazi walipoifunga 1938. Sitarudia. Ila kuna jambo moja linaniudhi: kila mara nasikia kwamba alinusurika kwa muujiza. Jamani, alinusurika kwa uraia. Akiwa Warsaw, Wajerumani walimhesabu kuwa raia wa Kisovieti, wakamfunga pamoja na mateka wa Kirusi katika ngome ya Wülzburg, Bavaria. Ghetto ya Warsaw, mtaa walimofungiwa Wayahudi, iliteketezwa yeye hayupo. Mwaka 1945 Wamarekani wakamkuta hai. Mwanafunzi wake wa zamani, Saul Weingort, akampeleka Montreux, Uswisi. Haukupita muda, Weingort mwenyewe akafa kwa ajali ya treni. Mzee akabaki pale peke yake. Mke hana, ndoa ilivunjika zamani, mtoto hana, chuo chake kimekwisha na wengi wa wanafunzi wake wametawanyika au wameuawa. Akakaa hivyo hadi kifo chake, Januari 1966.

Mtu wa namna hiyo, ukimweka mezani na kalamu, atafanya nini? Ataandika barua.

Na alimwandikia nani? Hapo ndipo watu walipokasirika. Alimwandikia Samuel Atlas, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye wakati huo alikuwa profesa Marekani katika Hebrew Union College, chuo cha madhehebu ya Mageuzi. Wako Wayahudi wa Kiorthodoksi, wale wanaozishika sheria za kale bila kuzilegeza kama watu wa Mageuzi, ambao wangeona haya hata kukiri kwamba wanafahamiana na mwalimu wa chuo kile. Weinberg, ambaye fatwa zake Waorthodoksi wa nchi nyingi walizitegemea, anamfungulia Atlas moyo. Analalamika kwamba wanazuoni wa upande wake wamekuwa wagumu, wanashindana kuharamisha. Analalamika upweke.

Halafu anagusa jambo zito kuliko yote: namna sheria za kale zinavyowatenga wasio Wayahudi. Mnamjua Meiri, yule mwanazuoni wa Provence wa karne ya 13, aliyesema hukumu zile ziliwahusu waabudu sanamu wa kale, si mataifa yenye dini na sheria. Weinberg anasema: tutangaze waziwazi kwamba hivyo ndivyo tunavyoamini. Na anaona uchungu kwamba vyuoni walimu wanawanong'oneza vijana ati Meiri aliandika vile kwa kuogopa wakaguzi wa serikali tu. Anayesema haya ni mtu aliyetoka Warsaw! Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kuufunga mlango, ni yeye.

Mwaka 1997 Marc B. Shapiro alizichapisha barua hizo katika Torah u-Madda Journal, jarida la Yeshiva University. Kelele zikapanda. Mhariri wa jarida, Jacob J. Schacter, akalazimika kuandika makala ndefu kuutetea uamuzi wa kuzichapa.

Najua kuna mtu hapa ameshaandaa swali: "Na marufuku ya Rabbenu Gershom?" Ndiyo, ipo, ya rabi yule wa Ujerumani wa miaka elfu iliyopita, inakataza kusoma barua ya mwenzio bila idhini. Naiheshimu. Lakini mbona wanaoitaja leo hawakuitaja zilipochapwa barua za marabi wengine, mabuku kwa mabuku? Kwa sababu zile zilisifu walichotaka kisifiwe! Marufuku inayoamka pale tu barua inapokera, mimi siihesabu kuwa ucha Mungu.

Mwingine ataniambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa, nami nimelelewa hivyo. Nani amemsema vibaya? Ni yeye anayesema, kwa maneno yake na saini yake. Mnaotaka kuzificha ndio mnaomshonea marehemu kanzu kwa vipimo vya mtu mwingine, kisha mnatuambia tutazame alivyopendeza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuvipitia vitabu vyenyewe vya fatwa zake, Seridei Esh, mabuku manne yaliyotoka Jerusalem kati ya 1961 na 1969, la mwisho yeye akiwa kaburini. Ile hukumu ya kuruhusu sherehe ya msichana anapofikia umri wa kuzishika amri, isomeni wenyewe; ni fupi na ina huruma.

Nitaje hukumu moja tu, kwa kuwa inanisaidia kwenye hoja yangu. Aprili 1933 serikali ya Hitler iliamuru kila mnyama apoteze fahamu kwanza kabla ya kuchinjwa. Wayahudi humchinja mnyama akiwa na fahamu, kwa hiyo uchinjaji wa nyama iliyo halali kwao (kosher) ukakatika Ujerumani. Weinberg akafanya utafiti mrefu, akaona ipo njia ya kuruhusu kuwazimisha wanyama kwa umeme wakati wa dhiki, akawapelekea marabi wakubwa. Rabi Chaim Ozer Grodzinski wa Vilna akakataa. Weinberg akanyamaza, akatii, marufuku ya kuwazimisha wanyama ikabaki.

Sasa sikilizeni. Karibu miaka thelathini baadaye, Hitler hayupo, Grodzinski hayupo, Wayahudi wengi waliokuwa wakiila nyama ile hawapo, Weinberg anatoa buku la kwanza. Anaweka nini ndani? Faili lote la uchinjaji: hoja zake zilizoshindwa, pamoja na majibu ya waliompinga. Angeweza kulitupa, maana amri ya Hitler iliyolizaa haikuwepo tena. Alilichapa. Kwa hiyo msiniambie Weinberg angependa karatasi zake zichujwe.

Hukumu yake juu ya wavulana na wasichana wa Kiyahudi wa Ufaransa kuimba pamoja sikuifikia. Mwenye hamu anifuate wakati wa chai.