Nani Asimamie Ushirika wa Umeme Unaovuka Mpaka wa Jimbo?

Ndugu wasikilizaji,

Rais Franklin Roosevelt alipoanzisha wakala wa kusambaza umeme vijijini mwaka 1935, takriban shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lilikuwa na umeme. Kampuni ziliona hasara kusimika nguzo maili nzima kwa ajili ya nyumba mbili tatu, kwa hiyo wakulima wakaunda vyama vya ushirika, wakakopa serikalini na kuvuta nyaya wenyewe. Mteja ndiye mwenye mali. Ndiyo maana kwa muda mrefu ilionekana si lazima kumchunga kwenye bei, kwani nani atajipunja mwenyewe?

Hoja hiyo ina nguvu chama kikiwa kimoja. Inayumba vyama vya majimbo mbalimbali vinapoungana kuzalisha umeme kwa pamoja. Tri-State, muungano wa aina hiyo wenye makao yake Westminster, Colorado, ina wanachama Colorado, New Mexico, Wyoming na Nebraska, na mikataba iliwabana wanunue kwake asilimia 95 ya umeme wao hadi mwaka 2050. Kit Carson, chama cha Taos, New Mexico, kilichotaka umeme zaidi wa jua, kilijitoa mwaka 2016 kwa malipo ya dola milioni 37. Wengine walipouliza bei ya mlango wa kutokea, yaani ada ya kujitoa, likazuka swali la nani wa kuipima.

Mwaka 1983, katika shauri la Arkansas, Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu tume ya jimbo inayosimamia huduma za umeme kusimamia bei ya jumla ambayo ushirika unawatoza wanachama wake. Lakini tume ya Colorado haina sauti Wyoming, na nafuu atakayopewa mwanachama wa jimbo moja huenda ikaangukia bili za jimbo jingine.

Sheria ya mwaka 2005, kwa upande wake, iliondoa katika usimamizi wa tume ya nishati ya serikali ya shirikisho vyama vyenye mikopo ya serikali ya umeme vijijini, vile vinavyouza chini ya megawati-saa milioni 4 kwa mwaka, na chombo chochote kinachomilikiwa na vyama hivyo tu. Neno "tu" ndilo lenye uzito hapa. Mwaka 2019 Tri-State ilimpokea mwanachama mmoja asiye chama cha umeme, muuza gesi, na kwa hatua hiyo ikatoka kwenye msamaha; mwaka 2020 tume ya shirikisho ikakubali kwamba iko chini yake, kisha ikaamua kwamba hata kuipima ada ya kujitoa ni kazi yake, si ya tume ya Colorado.

Kwa maoni yangu, Washington, yaani kwa tume ya shirikisho, ndipo mahali panapofaa, ingawa si jambo la kupendeza msimamiwa akijichagulia msimamizi kwa kupokea mwanachama mmoja. Gharama nayo ipo: chama kidogo kinachopinga ada hiyo humlipa wakili wake, na kupitia bei ya umeme kinachangia pia mawakili wa Tri-State.