Moja ya Nini? Kuhamisha Sensi ya Kipanya Toka Gemu Moja Hadi Nyingine

Hamjambo vijana. Wangapi humu mlitoka gemu ya risasi ya Counter-Strike mkaingia nyingine, Valorant, na sensi yenu ileile ya 1, yaani namba ya menyu inayopanga wepesi wa kipanya? Naona mikono. Na ulipogusa kipanya kidogo tu ukajikuta unatazama ukuta wa nyuma? Basi tuko pamoja. Mimi nilikilaumu kipanya wiki nzima, nusura ninunue kingine.

Kipanya hakina kosa. Kazi yake ni kuhesabu tu. Ukikiweka DPI 800, kila inchi kinayotembea kinatuma nukta 800. Gemu ndiyo inayoamua nukta moja ikugeuze kiasi gani. Kwa sensi ya 1, Counter-Strike hukugeuza nyuzi 0.022, kipimo kilichorithiwa tangu enzi za Quake. Valorant ni 0.07. Overwatch ni 0.0066. Kwa hiyo ile 1 ya kwenye menyu ni sawa na kwenda sokoni ukasema "nipe moja". Moja ya nini mama, kilo, fungu au gunia?

Ndiyo maana nimekuja na futi hii ya fundi cherehani. Nimeibandika kwa selotepu kando ya pedi, na kibodi nimeiondoa kwa sababu nafasi haitoshi. Tazameni skrini: alama ya kulengea iko kwenye kona ya mlango. Nasukuma kulia taratibu, bila kuinua kipanya... ukuta, dirisha, ngazi, mlango tena. Simama. Someni hapo: sentimita 52. Hesabu inakubali: mzunguko mzima, nyuzi 360, gawanya kwa 0.022, gawanya kwa 800, unapata inchi 20.45. Hizo sentimita 52 ndizo sensi yako, na ndizo unazohama nazo. Ukienda Valorant, gawanya sensi ya Counter-Strike kwa 3.18, 1 inakuwa 0.314. Ukienda Overwatch, zidisha kwa 3.33.

Sasa darubini ya bunduki, hapo ndipo watu wanapogombana. AWP, ile bunduki ya mdunguaji, ukivuta darubini yake mara ya kwanza, upana wa unachokiona unashuka toka nyuzi 90 hadi 40, na Counter-Strike inapunguza kasi kwa uwiano huohuo, 0.444. Lakini skrini ni bapa, picha haikui kwa uwiano wa nyuzi, inafuata tanjenti ya nusu ya nyuzi hizo: tanjenti ya 20 gawanya kwa tanjenti ya 45, yaani 0.364. Ukitaka adui aliye katikati ya skrini afuatwe kwa mwendo uleule wa mkono, weka sensi ya darubini 0.819, yaani 0.364 gawanya kwa 0.444. Mimi natumia hiyo. Wapo wanaoiacha 1 na wananiua kila siku.

Swali la pale nyuma: ndiyo, kile kiongeza kasi cha Windows kizime kabla ya kupima, maana gemu ikikifuata, kinabadilisha umbali kulingana na haraka ya mkono.

Haya, nani analeta kipanya chake kwanza? Vingine vimeandikwa 800 na havitoi 800 kamili.