Stringi haibadiliki, na kisima si cha mtu mmoja

Assalam aleikum jamani, asanteni kwa kuja, najua maghribi iko karibu na wengine mmeshuka boti ya Mokowe sasa hivi, kwa hivyo naingia kwa mada moja kwa moja.

Leso. Hapa Amu hakuna nyumba haina leso, na kila leso ina jina lake limepigwa chapa pale chini. Sasa ukilichoka lile jina hufuti herufi ukaandika zingine, unaenda dukani unatafuta leso ingine. Stringi, yaani maandishi kama jina la mtu, kwa JavaScript, ile lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandao, iko vivyo hivyo. Ukiwa na jina = "fatma" halafu ukaandika jina.toUpperCase(), ile "fatma" haijaguswa hata kidogo, umepewa stringi mpya "FATMA" na usipoipokea imepotea. Ukijaribu kwa nguvu, jina[0] = "F", haifanyi kitu na haikwambii kitu, labda uwe umewasha strict mode, ile hali ya JavaScript kuwa kali kwa makosa, ndio utapigiwa kelele ya TypeError. Mimi nawaomba muiwashe kila siku, kwa sababu kosa linalonyamaza ndilo linalokula usiku wako. Na ukiandika jina = jina.toUpperCase() msidhani ndio stringi imebadilika, la, ni veriabo, yaani lile jina unalolishikisha thamani, imeachia leso ya zamani ikashika mpya.

Hapo ndipo mtu anasema, basi nitaongeza fanksheni yangu, yaani kipande cha programu cha kuitwa kwa jina kama toUpperCase, ndani ya String.prototype, pale stringi zote zinapopata fanksheni zao, niite jina.kuza() na jina lijikuze lenyewe. Kuongeza unaweza, lakini kujikuza halitajikuza. Ndani ya hiyo fanksheni huwezi kuandika this = kitu kipya, lugha yenyewe inakataa, kwa hivyo kazi yako ni kurudisha stringi mpya na anayeita aipokee, sawa tu na toUpperCase.

Sasa hii prototype nataka tukae nayo kidogo. Maji tunayokunywa hapa mjini yanatoka visima vya kule kwa mchanga wa Shela. Ukitia kitu kisimani hujatia kwa mtungi wako, umetia kwa mtungi wa kila mtu. Prototype ndio kisima chenyewe, stringi zote za ukurasa zinachota kwa String.prototype, arei zote, yaani orodha, zinachota kwa Array.prototype, hata zile za programu ambayo hukuandika wewe.

Lilinipata mimi. Nilikuwa natengeneza orodha ya abiria wa boti, nikaongeza Array.prototype.mwisho inipe abiria wa mwisho, ikafanya kazi vizuri sana. Kumbe faili ingine ilikuwa inapitia orodha kwa for...in, ile njia ya kupitia majina ya vitu kimoja kimoja, na for...in inahesabu mpaka vitu vya prototype, basi abiria wanne wakawa watano na huyo wa tano ni maandishi ya fanksheni yangu. Abiria wa boti wanahesabiwa kwa ajili ya usalama wao jamani, hesabu kama hiyo haifai kukosewa.

Na wakubwa pia yaliwapata. Kuna laibrari, yaani mkusanyiko wa fanksheni za kutumiwa na wengine, inaitwa MooTools, ilitia flatten, ya kutoa arei zilizo ndani ya arei ziwe orodha moja, kwenye Array.prototype miaka mingi nyuma. Waandishi wa lugha walipotaka flatten yao, wakaona 2018 kwamba saiti za zamani zitavunjika, ikabidi waiite flat, ikaingia rasmi 2019. Hata includes, ya kuuliza kama kitu kimo, mwanzo ilitakiwa iitwe contains, sababu ni laibrari hiyo hiyo. Mtu aliongeza jina kisimani, na dunia nzima ikabidi imzunguke.

Ushauri wangu: andika fanksheni ya kawaida, kuza(jina), imekwisha. Ukilazimika kabisa kugusa prototype tumia Object.defineProperty, maana hiyo usipoiambia vingine inakificha kitu chako for...in isikione, ingawa mgongano wa majina unabaki pale pale. Na arei pitieni kwa for...of, inayowapa vitu vya arei yenyewe tu.

Haya, fungueni laptopu, andikeni arei ya majina manne, muongeze mwisho kwenye prototype halafu muipitie kwa for...in, mniambie mmehesabu wangapi.